Chembe za nano katika tiba ya mionzi: mwongozo kwa mgonjwa wa Lamu na jamaa zake

Daktari akikutajia chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, fahamu kwanza kwamba chembe hizo haziui saratani zenyewe. Huizidishia mionzi nguvu pale penye uvimbe. Hazimezwi wala hazipakwi, kwa hivyo anayekuuzia vidonge vya "nano" usimpe pesa yako.

Zilizofika mbali ni za hafniamu oksidi (hafniamu ni metali nzito), nanomita 50 hivi; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Hunasa eksrei nyingi kuliko nyama ya mwili, kisha hurusha elektroni (vijichembe vya umeme) zinazokata DNA, uzi wenye maagizo ya uhai, ya seli za jirani. Ulaya iliziidhinisha mwaka 2019 kwa sakoma (saratani ya nyama laini kama misuli na mafuta) ya mikono, miguu na kiwiliwili. Katika majaribio, uvimbe ulikufa karibu wote kwa wagonjwa 16 katika 100; kwa mionzi pekee, 8. Tofauti hiyo si ndogo, ila wengi bado hawakufika hapo.

Kabla ya sindano ipigwe MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), maana picha zote za baadaye zitalinganishwa na hiyo. Ujazo hukadiriwa hivi: urefu mara upana mara kina, kisha mara 0.52. Uvimbe wa sentimita 10 kwa 8 kwa 6 ni mililita 250 hivi, na dawa yenye chembe hizo huwa sehemu ya kumi yake, mililita 25. Hudungwa mara moja tu, polepole, ndani ya uvimbe, sindano ikiongozwa na picha. Ikivuja nje, nyama isiyo na saratani ndiyo itakayopata mionzi ya ziada. Presha huweza kushuka. Ukihisi kizunguzungu, mwambie muuguzi hapo hapo.

Kesho yake CT (picha ya eksrei ya tabaka tabaka) huonyesha chembe ziking'aa nyeupe, na mionzi huanza: grei 50 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa dozi 25, siku tano kwa wiki, wiki tano. Hapa ndipo watu wa visiwani hukwama. Kuvuka kwa mashua hadi Mokowe, bara, na kupanda basi la Mombasa kila siku haiwezekani, na dozi zikirukwa seli za saratani hupata nafasi ya kuzaana. Tafuteni makao karibu na hospitali kabla ya sindano, si baada yake.

Msipime mafanikio kwa macho. Sakoma huweza kufa ndani na kubaki na ukubwa ule ule. Jibu la hakika hutoka maabara baada ya upasuaji wa kuondoa uvimbe, seli zilizo hai zikihesabiwa. Mpaka siku hiyo weupe ule hautoweki kwenye CT, kwa hivyo andikeni kwenye kadi tarehe ya sindano na mililita zilizodungwa, mmwonyeshe kila mpiga picha.