Kidato cha tano serikalini kwa wavulana: chagua tahasusi kwanza, shule baadaye

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mazungumzo ya nyumbani huanza na majina: Mzumbe, Kibaha, Ilboru, Tabora Wavulana. Wajomba hutaja shule walizosoma wao, jirani hutaja aliyosoma mwanawe, na kijana mwenyewe hutaja wanakoelekea rafiki zake. Hakuna anayeuliza kijana huyu anaweza kusoma tahasusi gani, yaani mkusanyiko gani wa masomo matatu makuu ya kidato cha tano na sita. Majina hayo yasubiri kidogo, kwa sababu TAMISEMI, ofisi ya serikali ya Tanzania inayowapangia wanafunzi shule, haianzi na jina la shule. Inaanza na alama.

Machaguo ya kwanza kijana huyajaza akiwa bado shuleni. Matokeo yakitoka, mfumo wa mtandaoni wa kujaza machaguo, Selform, hufunguliwa kwa muda, mara nyingi kati ya Machi na Aprili, ili ayabadili kulingana na alama alizopata. Wengi huliacha dirisha hilo lipite, kisha Juni wanashangaa kijana kapangiwa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) wakati alitaka sayansi.

Kaa na karatasi ya matokeo. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Chukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi; jumla isizidi 25. Kati ya masomo yake, matatu au zaidi yawe na C kwenda juu, bila kuhesabu somo la dini. Hapo amefuzu kwenda Advansi, yaani kidato cha tano na sita, lakini bado hajafuzu tahasusi. Kwa tahasusi unajumlisha pointi za masomo yake matatu tu: zisizidi 10, na pasiwe na F hata moja.

Mfano. Fizikia C, Kemia C, Baiolojia D ni 3+3+4, yaani 10. PCB inaruhusiwa, kwa tabu. Mwingine ana daraja la pili la pointi 20, familia imeshachinja kuku, ila Fizikia ana D, Kemia D na Hisabati C. Hiyo ni 11. PCM imefungwa, maana daraja lake limebebwa na Kiswahili, Historia, Jiografia na Uraia. Kosa hili ndilo linaloongoza: watu husoma daraja, hawasomi masomo.

Ukiwa na pointi 10 kamili umefika mlangoni, hujaingia. Nafasi hugawiwa kwa ushindani, na PCB ina foleni ndefu kwa sababu kila mzazi anataka daktari. Shule za vipaji maalumu, kama Mzumbe, Kibaha na Ilboru, huchukua wa juu kabisa. Kijana mwenye daraja la kwanza la pointi 16 akizijaza zote mfululizo, anachoma nafasi zake za juu kwenye orodha. Weka moja kama bahati nasibu, zinazofuata ziwe shule zinazolingana na alama zake.

Kuna jambo ambalo karatasi ya matokeo hailionyeshi. C ya kidato cha nne inaanzia 45 na kuishia 64. Aliyepata 46 ya Hisabati na aliyepata 63 wote wana C, lakini mbele ya Hisabati ya Advansi hao ni watu wawili tofauti kabisa. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, haitoi alama ghafi, kwa hiyo tazama alama za moko (mtihani wa majaribio) na za mihula. Kama Hisabati imekuwa ikicheza kwenye 40, PCM itamtesa miaka miwili, hata akipangwa shule nzuri namna gani.

Tazama pia kila tahasusi inafungua mlango gani. PCB inaelekea udaktari, famasia na uuguzi, lakini haielekei uhandisi, kwa kuwa hisabati yake ni BAM, nyepesi kuliko Hisabati kamili ya Advansi. PCM inaelekea uhandisi na haielekei udaktari. CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) hubeba kilimo, mifugo na mazingira. EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) hubeba uchumi na takwimu. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65, zikiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini, lakini nyingi kati ya hizo mpya zinafundishwa katika shule chache. Hakikisha shule unayoiandika inayo tahasusi unayoitaka.

Sasa njoo kwenye shule. NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023, na kwa mzazi makini hiyo haikuwa hasara, kwa kuwa matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti yake. Fungua matokeo ya kidato cha sita ya miaka mitatu mfululizo. Wastani wa shule nzima usikushughulishe sana. Shuka hadi jedwali la masomo. Huko utaona kila somo limefanywa na wangapi na GPA yake, yaani wastani wa ufaulu. GPA ndogo ndiyo nzuri, tofauti na vyuo vikuu, na watu hujichanganya hapo kila mwaka. Shule inaweza kung'ara kwa tahasusi za sanaa kama HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) huku Fizikia ikisuasua, na wastani mzuri ukaficha yote.

Kisha pitia mistari ya watahiniwa. Masomo ya kila mmoja yameandikwa, hivyo unaweza kuwahesabu wa PCM peke yao na kuona wangapi wamepata daraja la kwanza na la pili. Ukikuta wanafunzi sita tu wa tahasusi hiyo, uliza kwa nini: pengine ni mpya, pengine mwalimu wa somo mojawapo hayupo. Mstari wa jinsia nao utazame, kwani shule yenye jina la wavulana inaweza kuwa na wasichana Advansi, na baadhi ya familia hilo wanalijali.

Usisahau kwamba shule za vipaji hupokea vijana waliokuja wakiwa wameiva tayari. Shule inayopokea vijana wa pointi 18 au 20 na kutoa wengi daraja la kwanza na la pili imefanya kazi kubwa zaidi. Binafsi ningempeleka huko kijana wa kati kabla ya shule yoyote yenye jina.

Kabla ya kuandika, mtafute aliyemaliza kidato cha sita hapo mwaka jana, umuulize haya: Walimu wa Fizikia na Hisabati ni wangapi, na nani hufundisha mmoja akiwa likizo? Vipindi vya maabara hufanyika kila wiki, au vinasubiri mtihani ukaribie? Mtihani wa vitendo ni karatasi nzima kwa kila somo la sayansi, na kijana aliyeshika bureti mara mbili tu maishani atafeli akiwa anaijua kemia yote. Maji yanatoka bombani au wanafunzi huyafuata na madumu? Umeme ukikatika usiku, prepo (kujisomea kwa usiku) inaendelea?

Hali ya hewa huchukuliwa kama mzaha, kumbe kidato cha tano huanza Julai, mwezi wa baridi kali Nyanda za Juu Kusini. Anayetoka Tanga kwenda Ifunda, Iringa, aende na sweta nzito na blanketi la maana. Nauli nayo ihesabiwe kwa kwenda na kurudi, likizo zote. Za kutwa mjini, kama Azania ya Dar es Salaam, zinafaa kwa mwenye ndugu wa karibu. Bila hivyo kijana atapanga geto, na hakuna wa kumuuliza amelala saa ngapi.

Kujaza kwenyewe si kugumu. Unahitaji namba ya mtihani na taarifa zake binafsi kama zilivyosajiliwa. Ukijazia steshenari, weka namba yako ya simu, si ya mwenye duka, na uandike neno la siri kwenye daftari. Ukimaliza, hifadhi machaguo, toka, ingia tena uone kama yamebaki, kisha chapisha nakala. Kama kijana ana ulemavu, ujazwe mahali pake, kwa sababu si kila shule ina walimu na vifaa vinavyomfaa.

Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, lakini mfuko haupumziki. Pakua fomu ya kujiunga ya shule husika mara uchaguzi ukitangazwa, usinunue kwa kukisia: sare na rangi ya suruali hutofautiana, na godoro linalotakiwa kwa kawaida ni la futi mbili na nusu. Kuna fomu ya daktari, rimu za karatasi, ndoo, na mara nyingi jembe au fyekeo. Michango iliyoandikwa kwenye fomu ndiyo ya kulipa, na ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, udai risiti.

Uhamisho usiuwekee matumaini. Shule zenye majina huwa zimejaa. Kijana aripoti alikopangiwa kabla ya tarehe ya mwisho iliyotajwa kwenye tangazo, maana asiyetokea nafasi yake hupewa mwingine.