Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Afisa Mkuu wa Jeshi la Majini

Wasifu wa afisa mkuu wa jeshi la majini huharibika mapema pale mwandishi anapoanza kwa kuorodhesha vyeo na nishani, kwa kuwa orodha hiyo, iwe ndefu kiasi gani, haimwelezi msomaji mtu huyo alikuwa akifanya nini saa nane za usiku akiwa zamu, mvua ikipiga vioo na meli nyingine ikikaribia upande wa kulia. Anza na vyombo alivyovitumikia. Kila manowari ina kazi yake, mitambo yake na watu wake, na aliyojifunza humo akiwa kijana ndiyo atakayoyatumia siku atakapokabidhiwa kikosi kizima.

Kabla hujaandika sentensi yoyote, chora jedwali la safu nne: tarehe, cheo, chombo au ofisi, na wadhifa aliokuwa nao humo. Lijaze kutokana na orodha rasmi za maafisa, magazeti rasmi ya serikali na majalada ya utumishi. Kwa maafisa wa Uingereza, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London, huweka kumbukumbu za utumishi wa maafisa chini ya alama ADM 196, na madaftari ya meli chini ya ADM 53. Kwa Marekani, majalada binafsi ya wanajeshi hufunguliwa kwa umma miaka 62 baada ya mhusika kuacha utumishi. Kabla ya hapo utahitaji idhini yake au ya jamaa zake ili uyaone kwa ukamilifu.

Jedwali likishajaa, tazama mapengo yake. Horatio Nelson, admirali mashuhuri wa Uingereza, akiwa bado kapteni alikaa nchi kavu kwa nusu mshahara takriban miaka mitano, tangu mwisho wa 1787 hadi alipopewa manowari ya Agamemnon mwanzoni mwa 1793, kwa sababu wakati wa amani meli zilikuwa chache na makapteni walikuwa wengi. Mwandishi anayekiruka kipindi hicho ili awahi vitani hupoteza nafasi ya kumwonyesha nahodha mwenye shauku asiye na chombo.

Vyeo vyenyewe vinahitaji uangalifu. Kapteni wa majini yuko sawa na kanali wa nchi kavu, ilhali kapteni wa nchi kavu yuko sawa na luteni wa majini. Ukivichanganya, umemshusha mhusika wako ngazi tatu bila kujua. Isitoshe, si kila nchi inatumia vyeo vya kibaharia. Samson Mwathethe, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya kuanzia 2015 hadi 2020, alitoka Jeshi la Majini, na bado alikuwa Jenerali wala si Admirali.

Jambo kubwa zaidi ni kujua cheo kilipatikana kwa njia gani katika zama za mhusika. Katika jeshi la majini la Uingereza la karne ya 18, aliyekwisha kuwa kapteni kamili alipanda hadi admirali kwa ukongwe, yaani kwa kungoja walio juu yake kwenye orodha wapande au wafe. Nelson alikuwa kapteni kamili mwaka 1779, akiwa na umri wa miaka 20, na akafikia daraja la chini la admirali tarehe 20 Februari 1797, siku sita baada ya vita vya Cape St Vincent, karibu na pwani ya Ureno, alimoonyesha ushujaa mkubwa. Ni rahisi mno kuandika kwamba ushujaa huo ndio uliompa cheo, lakini habari za vita zilikuwa bado hazijafika London. Zamu yake kwenye orodha ndiyo iliyokuwa imefika. Kila unapotaka kuandika kwamba mtu alipandishwa kwa sababu ya tendo fulani, linganisha kwanza tarehe ya tendo na tarehe ya uamuzi.

Batli, yaani daftari la mwenendo wa chombo, ndiyo ninayoiamini kuliko hotuba zote za kustaafu. Batli za zama za matanga zina safu za saa, mwendo kwa noti (maili za baharini kwa saa), mwelekeo na upepo, kisha safu pana ya maelezo. Ukiona mwendo umeshuka kutoka noti nane hadi tatu kati ya mistari miwili, mwelekeo umebadilika, na katika safu ya maelezo afisa wa zamu ameandika tu kwamba matanga yamepunguzwa, hapo una tukio ambalo pengine mhusika mwenyewe hakulitaja katika barua yoyote. Nakili mistari hiyo kama ilivyo, hata mwandiko ukikutesa.

Tarehe za batli nazo zina mtego. Hadi kufikia 1805, siku katika madaftari ya manowari za Uingereza ilianza adhuhuri, yaani nusu siku kabla ya siku ya kawaida inayoanza usiku wa manane, hivyo vita vya alasiri vinaweza kuonekana chini ya tarehe ya kesho yake. Katika zama za karibu tatizo ni majira ya saa: shambulio la Japani dhidi ya kambi ya Marekani ya Pearl Harbor ni la 7 Desemba 1941 kwa saa za Hawaii, lakini ni la 8 Desemba kwa saa za Tokyo. Chagua majira mamoja, mwambie msomaji, na usiyaache njiani.

Utakutana pia na makosa ya mhusika, na hapa waandishi wengi huogopa familia. Mwaka 1908 Chester Nimitz, afisa wa Marekani aliyekuja kuwa admirali, akiwa na miaka 23, aliikwamisha manowari ya Decatur kwenye fungu la matope nchini Ufilipino, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kupewa karipio. Weka kisa cha namna hiyo mahali pake kwenye mfuatano wa miaka, ukieleza mashtaka na hukumu, bila kukificha na bila kukigeuza kuwa unabii wa ukuu. Kwa Nimitz, kilichofuata kina uzito zaidi. Alijikita katika nyambizi na injini za dizeli, na mwaka 1917, akiwa miongoni mwa maafisa wa meli ya mafuta ya Maumee, alishiriki kutia mafuta manowari zilizokuwa zikivuka Atlantiki huku zikiendelea na safari. Alipokabidhiwa kikosi cha Pasifiki mwishoni mwa 1941, vita vilikuwa vya masafa marefu, mbali na bandari, na ujuzi huo ulikuwa wa lazima. Uhusiano huu hauonekani kwenye orodha ya vyeo. Unaonekana kwenye orodha ya vyombo.

Kipo kipindi cha mezani, cha bajeti na viwanda vya meli, ambacho hakina mvuto ila usikibane katika aya moja. Hyman Rickover, aliyesimamia ujenzi wa nyambizi za nyuklia za Marekani, aliongoza meli moja tu maishani mwake. Kwake ofisi ndiyo ilikuwa uwanja wa mapambano.

Ikiwa waliomfahamu wapo hai, anza na wa chini. Fundi wa mitambo, mpishi na mpokea ishara humkumbuka kamanda kwa namna ambayo admirali mwenzake hawezi. Usiwaulize uongozi wake ulikuwaje, maana watakupa maneno ya sherehe. Waulize bahari ilipochafuka aliamshwa nani kwanza, kama alishuka mwenyewe chumba cha injini, na alimjibuje afisa kijana aliyekosea dira. Kwa mwenzi na watoto, uliza kuhusu siku ya kurudi nyumbani, kwani mara nyingi ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko ya kuondoka. Kila ushuhuda uupime kwa jedwali lako: anayesimulia dhoruba ya mwaka ambao meli ilikuwa gatini kwa matengenezo huenda anachanganya safari mbili.

Kuhusu afisa aliyestaafu karibuni, njia za doria, uwezo wa silaha na mambo mengine yaliyowekewa muhuri wa siri usiyaandike hata kama ameyatamka mwenyewe mezani. Rasimu ikikamilika, mpe baharia aliyewahi kushika zamu aisome, na popote atakapokuambia kwamba upepo na mwelekeo ulioandika havipatani, rudi kwenye batli kabla ya kupeleka kazi kwa mchapishaji.