Kusafisha ngozi kwa Photoshop na mtu abaki kuwa yeye

Kuna picha ya mama mmoja wa Nyalenda, hapa Kisumu, niliisafisha mpaka ikang'ara, familia walikuwa wanaitaka ya kuweka kwa programu ya mazishi, nikatoa mikunjo yote na kale kakovu kalikuwa juu ya nyusi, kijana wake akaiangalia kwa skrini akanyamaza alafu akaniambia polepole, huyu si mamangu. Iliniuma sana. Nikarudia yote usiku huo huo, na tangu hapo nafanya hivi.

Kabla ya kugusa kitu jiulize, nikikutana na huyu mtu mwezi ujao hii alama itakuwa bado iko? Chunusi itaenda, pahali mbu alimuuma itaenda, vipele vya wembe pia, hizo toa. Kovu, baka la kuzaliwa, chale, mikunjo ya macho ya mtu amecheka miaka sitini, hizo ni zake, acha. Na wazee wengi wa Kiluo walitolewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa vijana, kwa hivyo ukiona programu ya simu imejaza hilo pengo yenyewe, tupa hiyo kazi uanze upya.

Sasa fungua leya mpya tupu (layer, kama karatasi ya kuonea ndani iliyowekwa juu ya picha), usifanye kazi kwa picha yenyewe. Bonyeza J, ama Shift+J mpaka ufikie Healing Brush (si Spot Healing Brush), pale juu kwa Sample weka Current & Below, brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko chunusi. Shika Alt ubonyeze ngozi safi iliyo karibu kabisa, alafu gusa chunusi mara moja. Nasema karibu kabisa juu ngozi ya shavu si ya paji la uso, vitundu vyake ni tofauti na mwanga unaipiga tofauti, ukichota mbali utaona kiraka. Ukifika karibu na nywele, ndevu ama midomo Healing Brush inavuta rangi na kuacha ukungu, hapo tumia Clone Stamp, ile inanakili tu bila kuchanganya rangi, ni herufi S. Zumu mpaka asilimia 100 ukifanya, alafu rudi nje kila baada ya dakika chache uone uso mzima, ukikaa ndani sana utaanza kuwinda vitu hakuna mtu anaona.

Weusi chini ya macho usiumalize. Ufanye kwa leya yake alafu shusha opasiti (opacity, vile leya inaonekana kwa nguvu) mpaka asilimia 40 ama 50, mtu aonekane tu amelala vizuri.

Mng'aro ndio watu wengi wanakosea, na kwa ngozi nyeusi ndio kazi yenyewe iko. Picha ukipigia Dunga, pale ufuoni Kisumu, saa saba mchana, jua la juu na maji ya ziwa nyuma, paji la uso na pua zinawaka (beba tishu umpanguse jasho kabla ya kupiga, utaokoa nusu saa). Lakini usiutoe wote! Ule mwanga kwa shavu na kwa daraja la pua ndio unachora sura, ukiuondoa uso unakuwa bapa kama umepakwa masizi. Punguza nusu tu, kwa leya yake.

Ngozi yenye mabakamabaka usiipake bla ya Gaussian (Gaussian Blur, ile inatia ukungu), hiyo ndio inaleta sura ya plastiki. Tengeneza leya ujaze kijivu cha asilimia 50, blend mode yake iwekwe Soft Light, chukua brashi laini, flow (kiasi cha rangi inayotoka) asilimia 2 ama 3 hivi, nyeupe pale pameingia giza, nyeusi pale pamezidi kung'aa, pole pole. Inachukua muda, uso mmoja naweza maliza dakika arobaini, lakini vitundu vyote vinabaki.

Na tafadhali usimweupishe mtu. Kama poda imefanya uso uwe mweupe kuliko shingo, shusha uso ufuate shingo, si shingo ifuate uso.

Ukimaliza weka leya zote kwa grupu moja, zima na uwashe kile kijicho cha pembeni. Ukishtuka, umezidisha, shusha opasiti ya grupu mpaka 70 hivi. Ile ya yule mama niliishia 60, kakovu nikakarudisha, na kijana wake akaniomba nimprintie ya pili ya kutundika nyumbani.