Somo: Kumwombea mzee nishani ya jeraha la vita baada ya miaka 30

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Tangu nishani ya mjomba ilipofika nimeulizwa na wengi, mmoja mmoja, sasa nawaandikia wote. Nawalenga hasa sisi wa Tanga ambao baba, kaka na wajomba zetu walizamia meli miaka ya 80, wakafika Marekani, wakapata makaratasi, na baadhi yao wakaingia jeshini kule.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Mwaka 1993 alikuwa Mogadishu na jeshi la Marekani. Kombora la mota liliangukia karibu na ghala walikokuwa wakipakua mizigo, vipande vya chuma vikamwingia begani na mkononi. Uzeeni amerudi kuishi Makorora. Jioni barazani wajukuu hulishika lile kovu na kuuliza, naye hueleza. Lakini nishani hakuwa nayo.

Nishani yenyewe inaitwa Purple Heart, yaani Moyo wa Zambarau. Asili yake ni beji aliyoianzisha George Washington tarehe 7 Agosti 1782, ikasahauliwa, ikafufuliwa mwaka 1932. Si nishani ya kusubiri mkubwa akupendekeze kwa ushujaa. Ni haki ya kila aliyejeruhiwa na adui, ilimradi masharti yametimia. Mjomba aliishi miaka yote hiyo akidhani mkuu wake hakumwona anastahili, na aliponiambia hivyo nililia. Hakuna aliyemkataa. Karatasi ndiyo haikufika mahali pake.

Mimi nimefanya kazi masijala ya mahakama miaka 26, na ninachowapa hapa ni maarifa ya masijala. Kovu ni la mzee, lakini anayeamua hatoliona kovu. Ataona faili.

Hatua ya kwanza: andika kabla hujajaza fomu

Kaa na mzee, mpe kahawa, usimharakishe. Unataka mwezi na mwaka, mahali, jina la kikosi mpaka kombania, alikuwa akifanya nini, nani alimfunga bandeji, alipelekwa hospitali gani, alilala siku ngapi. Wazee hukumbuka watu kuliko tarehe. Mjomba hakukumbuka tarehe kabisa, ila alikumbuka kwamba siku ile alikuwa akizungumza Kiswahili na kijana Mbajuni aliyekuwa kibarua pale ghalani. Kwa habari ya yule kijana tukafika kwenye juma lenyewe.

Hatua ya pili: pima kama jeraha linaingia

Masharti ni matatu. Jeraha litokane na adui, liwe lilihitaji kutibiwa na mganga wa jeshi, na matibabu hayo yawe yameandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. Ajali ya gari isiyohusiana na adui haimo. Kuumwa na baridi, kuzidiwa na joto, malaria na msongo wa akili baada ya vita pia havimo, hata kama vimemtesa mtu maisha yake yote. Risasi ya wenzake katikati ya mapambano inaweza kuingia. Hapa uwe mkweli na mzee wako mapema, kabla hujampandisha matumaini.

Hatua ya tatu: cheti cha kutoka jeshini, na jina

Cheti hicho ni fomu DD 214. Kama kimepotea, kinaombwa kwa fomu SF 180 kutoka Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, St. Louis, jimbo la Missouri. Fomu ni bure. Kuna mtu hapa mjini alitaka laki tatu “kuifungulia njia” fomu hiyohiyo. Msimpe mtu senti.

Sasa jina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Mwajiri wa jeshi aliandika la babu kuwa ndiyo ukoo, na Athumani akaandikwa Othman. Pasi ya Tanzania inasema hivi, faili la jeshi linasema vile. Kwenye kila fomu tumia jina kama lilivyo kwenye DD 214, herufi kwa herufi, kisha ambatisha hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Usijaribu kulisahihisha jina ndani ya fomu. Ukilisahihisha, umeomba faili la mtu asiyekuwepo.

Hatua ya nne: karatasi ya matibabu

Hapa ndipo tulipopoteza karibu mwaka mzima, na kosa lilikuwa langu. Niliandika tu “naomba faili lote”. Faili lilikuja, kurasa nyingi, mafunzo, chanjo, mishahara, na hakuna neno hata moja la jeraha. Mjomba aliinama akasema, “Basi, mjomba, tuache.”

Hatukuacha. Nilisoma maelekezo ya fomu upya, pole pole, nikaelewa. Mgonjwa aliyelazwa hospitali ya jeshi, karatasi za kulazwa kwake hazikuwekwa kwenye jalada lake la utumishi. Zilipangwa kwa jina la hospitali na mwaka. Kwa hiyo usipotaja hospitali na mwaka, na mwezi ukiujua, hakuna atakayejua rafu ya kwenda.

La pili: kwa Jeshi la Nchi Kavu, waliotoka kuanzia tarehe 16 Oktoba 1992 mpaka mwisho wa 2013, majalada yao ya matibabu ya kawaida yalipelekwa Idara ya Maveterani, yaani ofisi ya serikali ya Marekani inayowahudumia waliowahi kuwa wanajeshi. Mjomba alitoka 1996. Tulikuwa tukibisha mlango ambao wenyewe walishahama.

Nikatuma maombi mawili siku moja, moja St. Louis kwa karatasi za kulazwa nikitaja hospitali, jingine Idara ya Maveterani. La kwanza ndilo lililoleta ukurasa mmoja wenye maneno “vipande vya chuma, bega la kushoto”. Nilimsomea mjomba mara mbili. Akaomba nimsomee tena.

Hatua ya tano: mashahidi

Tafuta watu wawili au zaidi walioona kwa macho. Waandike walichokiona wenyewe, walikuwa wamesimama wapi, na cheo chao wakati huo. “Nilisikia aliumia” haina uzito. Aliyeko Marekani aape mbele ya ofisa wa viapo huko. Aliyeko huku anaweza kupanga miadi ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Pia sheria ya Marekani inakubali tamko lenye tarehe na saini ambamo mtu anasema anatamka ukweli akijua adhabu ya uongo chini ya sheria za Marekani. Anayeandika akiwa nje ya nchi hiyo lazima ayataje maneno hayo ya “sheria za Marekani”.

Msichelewe hapa. Wenzake mjomba watatu tuliowatafuta, mmoja alikuwa ameshafariki miezi minne kabla.

Hatua ya sita: kupeleka

Kwa Jeshi la Nchi Kavu ombi linaanzia Kamandi ya Rasilimali Watu, Fort Knox, Kentucky. Wa jeshi la maji na la anga wana ofisi zao. Likikataliwa, unakwenda kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi kwa fomu DD 149. Fomu inasema uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa. Msiogope. Pana nafasi ya kueleza kwa nini haki inataka ombi lisikilizwe hata kama limechelewa. Tuliandika ukweli mtupu: hakujua kwamba ni haki yake. Bodi huweza kuchukua mwaka na zaidi. Ikikubali, kinatolewa cheti cha marekebisho, DD 215, na hicho kitunzwe kuliko hata nishani.

Maswali ya wanachama

*Wa Chumbageni:* Dada, mimi ni mpwa kama wewe, ila mjomba wangu ameshatangulia mbele ya haki. Naweza kuomba?

Pole sana, Mungu amrehemu. Kwetu mpwa ni mtu mkubwa, lakini St. Louis hahesabiki. Wanaowatambua ni mjane au mgane ambaye hajaoa au kuolewa tena, wazazi, watoto, kaka na dada. Mama yako ni dada wa marehemu, basi asaini yeye, na wewe uwe mkono wake. Ambatisha cheti cha kifo. Mimi niliweza kwa sababu mjomba yu hai na alisaini kila karatasi mwenyewe.

*Wa Pangani:* Ina pesa?

Nishani yenyewe haina malipo. Ila humpandisha aliyekuwa mwanajeshi mpaka kundi la tatu la kipaumbele katika matibabu ya Idara ya Maveterani kule Marekani. Kwa anayeishi huku kuna mpango wao wa matibabu ya nje ya nchi, lakini hulipia maradhi yale tu waliyokwisha kuyatambua kuwa yametokana na utumishi.

*Wa Muheza:* Baba yangu analipwa fidia ya ulemavu kwa mguu huo huo. Si ushahidi tosha huo?

Hapana, na wengi hujikwaa hapo. Fidia inathibitisha kwamba mguu uliumia akiwa kazini. Haithibitishi kwamba aliyeumiza ni adui. Ipeleke, lakini uiunge na ushahidi wa tukio lenyewe.

*Wa Ngamiani, barabara ya 12:* Babu alitoka jeshini 1955. Tumeambiwa faili liliungua.

Inawezekana kweli. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza jengo la St. Louis, na takribani asilimia 80 ya mafaili ya Jeshi la Nchi Kavu ya waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yaliteketea. Andikeni kwenye ombi kwamba mnajua habari ya moto, na muombe watafute kwenye kumbukumbu nyingine: orodha za mishahara, ripoti za asubuhi za kikosi.

*Wa Raskazone:* Mzee wangu hana shahidi hata mmoja aliye hai. Nyumbani tuna barua tu aliyomwandikia bibi wakati ule, anasema ameumia mkono asiogope. Ni ya Kiswahili.

Hiyo ni mali! Imeandikwa siku zile zile, kabla mtu hajafikiria nishani. Itafsiriwe kwa Kiingereza, mfasiri asaini kwamba tafsiri ni sahihi, mpeleke nakala za vyote viwili na asili ibaki kwenu. Na bahasha mnayo? Itafuteni sandukuni leo hii. Muhuri wa posta ndio wenye tarehe.