Kujifukiza kwa majani msimu wa kusi: kipi kitangulie, kipi kifuate

Kusi ikishashika mwezi wa Juni, mafua huingia nyumbani bila hodi. Newala, mkoani Mtwara, na uwanda wote wa Makonde asubuhi ni ukungu na baridi. Huku mashambani mikorosho inapulizwa unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na vumbi la salfa hiyo linawasha pua hata ya asiye na shamba. Hapo ndipo sufuria inapotolewa, majani yanachumwa na mtu anafunikwa shuka. Mara nyingi majani yanayochumwa ni yaleyale yanayofaa. Makosa yapo kwenye mpangilio wa kuyachemsha, na zaidi kwenye namna ya kukaa na maji ya moto.

Hewa ya moto yenye unyevu inalainisha makamasi yaliyoganda. Yanashuka, unayapenga, na kichwa kinapata nafuu kwa muda. Harufu ya majani nayo inaifanya pua ijisikie imefunguka. Basi. Virusi vya mafua havifi kwa mvuke, malaria haiguswi, na nimonia inabaki palepale kifuani. Tangu mwaka 2020, kupiga nyungu, yaani huku kujifukiza, kulipopata umaarufu Tanzania nzima, wapo wanaoibebesha nyungu mzigo usio wake.

Kwa lita 3 za maji, chukua majani mabichi ya mkaratusi 15 hadi 20, majani marefu ya mchaichai 6 hadi 8 yaliyofungwa fundo, na konzi moja ya kivumbasi. Mkaratusi ukikosekana, weka majani 10 ya mlimao na maganda ya malimao mawili. Mafuta yenye harufu yapo kwenye ganda, hayapo kwenye maji ya tunda, kwa hiyo kukamulia limao ndani ya sufuria ni kuliharibu tu, kanywee chai. Karafuu kijiko kimoja cha chai, zilizopondwa kidogo, zinatosha. Wengi huongeza chumvi, lakini chumvi hairuki na mvuke, inabaki chini ya sufuria. Mwarobaini vilevile: heshima yake inajulikana, ila uchungu wake unabaki kwenye maji. Kuuweka si kosa, lakini usiutegemee. Majani ya mpera yana harufu hafifu, yanafaa kwa nyongeza.

Usichume karibu na mikorosho iliyopulizwa karibuni. Ukipitisha kidole juu ya jani na kikatoka na unga wa njano, liache. Hata majani ya uani yaoshe kwa maji mawili matatu. Mnyaa usiuguse kabisa, maana utomvu wake ukiingia machoni ni hatari. Majani ya mwembe hutumiwa na watu wengi, lakini mwembe ni ndugu wa mkorosho na utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Aliyewahi kutoka vipele kwa maembe mabichi asijifukize nayo. Na usichochee moto kwa maganda ya korosho. Mafuta yake yanachubua ngozi na moshi wake unawasha macho na kifua, wakati wewe unatafuta pumzi.

Sasa kuchemsha. Mpera, mwarobaini na karafuu ziingie mapema, zichemke dakika 10 zikiwa zimefunikwa. Mkaratusi ufuate zikibaki dakika 3. Mchaichai, kivumbasi na maganda ya limao vitumbukizwe mwisho kabisa, sufuria ikishaepuliwa, kisha funika mara moja na uache dakika 3. Ukivichemsha tangu mwanzo bila mfuniko, mafuta yake yote yanaruka. Jirani akiuliza kwa ukuta, “Mnapika nini kinachonukia hivyo?”, ujue kilichobaki kwenye sufuria yako ni maji ya moto.

Jiko la mkaa libaki nje. Kulileta ndani, tena chini ya shuka, ili maji yasipoe, ni kujifungia na hewa yenye sumu isiyo na harufu, na imeua watu waliodhani wanasinzia tu.

Sufuria usiiweke juu ya kitanda, kiti wala meza. Chukua karai, weka mchanga kina cha vidole vinne, kisha zamisha kitako cha sufuria humo. Mchanga tunao tele, na sufuria iliyokaa mchangani haipinduki kwa kuguswa na goti. Ukitumia chungu chenyewe, mchanga unakifaa zaidi: chungu cha moto kikitua kwenye sakafu ya saruji iliyo baridi kinaweza kupasuka, na lita 3 zote zikaishia miguuni.

Kaa kwenye kigoda, karai likiwa mbele yako, usilibane katikati ya mapaja. Jifunike shuka nene la pamba au kitenge kilichokunjwa mara mbili. Kanga moja inapitisha mvuke wote. Kabla ya kuingiza uso, weka upande wa ndani wa mkono pale uso utakapokuwa, sentimita 30 hadi 40 juu ya maji, uhesabu hadi kumi. Ukishindwa kufika kumi, subiri. Mfuniko ufunuliwe kwa kuinua ukingo wa mbali kwanza, mvuke wa kwanza utokee huko. Huo ndio unaobabua watu, maana umejikusanya chini ya mfuniko na wenye haraka wanaupokea usoni.

Fumba macho, vuta pumzi taratibu kwa pua. Ikiwa imeziba kabisa, anza kwa mdomo. Dakika 5, toka, penga, kisha rudi dakika nyingine 5. Inatosha, mara moja au mbili kwa siku. Kukaa nusu saa hadi shuka lilowe ni mashindano yasiyo na zawadi. Jasho jingi halitoi mafua, linatoa maji mwilini. Ukimaliza, funika sufuria kabla hujasimama, kaa kidogo, kisha inuka polepole. Joto linatanua mishipa na presha inashuka, ndiyo maana wengine huona giza na kuanguka wanapoinuka ghafla. Kunywa glasi moja au mbili za maji, kausha jasho, badili nguo.

Mtoto mdogo asifukizwe, hata akipakatwa. Akirusha mguu mara moja tu, nyote wawili mmeungua. Pua yake inatosha kusafishwa kwa matone ya maji ya chumvi ya pua yanayouzwa duka la dawa. Mwenye pumu anaweza kubanwa na harufu kali ya mkaratusi. Kama hawezi kuacha, atumie maji matupu, na kifua kikianza kulia kama filimbi atoke. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia, na aliyelewa wasijifunike. Mafuta ya mkaratusi ya chupa ukiyatumia badala ya majani, matone 2 au 3 yanatosha kwa lita nzima, na chupa iwekwe mbali na watoto kwa sababu kuyanywa ni sumu.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala unga. Malengelenge usiyapasue. Ya usoni yanahitaji kuonwa na daktari.

Homa ya kutetemeka haingojei majani yachemke. Kanda hii malaria ipo mwaka mzima, na kipimo chake hadi zahanati za vijijini kinafanyika kwa tone la damu ya kidole. Kupumua kwa shida, kifua kuuma, makohozi yenye damu au kikohozi kilichopita wiki mbili: nenda hospitali, sufuria utaikuta.

Maji yaliyobaki yasinywewe, hasa yenye mkaratusi. Unaweza kuyapasha tena siku hiyohiyo, ila harufu itakuwa hafifu. Kesho chuma majani mapya. Yamwage yakishapoa kabisa, nyuma ya nyumba, mbali na njia wanayopita watoto.