SOMO: Peugeot 504 pikapu, mipira ya kubadilisha kabla haijakulaza njiani

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Fundi, nimenunua 504 ya mzee fulani, nianze na nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Nazungumzia ya petroli, yenye kabureta. Injini yake ni ngumu, wala si ndiyo inayowalaza watu Salgaa saa nne usiku. Kinachowalaza ni mpira uliozeeka kimya kimya huku mwenye gari akipaka rangi bampa.

1. Mkanda wa feni. Weka mpya. Wa zamani usiutupe, utie chini ya kiti.

2. Hosi za rejeta, ya juu, ya chini na zile ndogo za hita. Zibinye injini ikiwa baridi. Ikikwaruza ndani kama chapati iliyokauka, imekwisha; ikibonyea kama ndizi mbivu, imekwisha pia. Ya zamani ipasue kwa kisu, usiivute kwa nguvu, maana shingo ya rejeta ni nyembamba na ukiipinda utaenda kwa mtu wa kulehemu. Klampu nazo mpya.

3. Thamostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) na kofia ya rejeta. Mpya zote mbili.

4. Maji. Weka kuleni, yaani dawa ya maji ya rejeta, uichanganye na maji ya betri yale yasiyo na asidi. Silinda hedi ni alumini na bloku ni chuma. Maji matupu yanazilisha kutu pole pole. Ya kisima ndiyo mabaya zaidi, yanaacha magadi ndani ya rejeta kama sufuria ya chai. Jaza taratibu, hita ikiwa wazi, kofia ikiwa nje, injini ikinguruma polepole mpaka mapovu yaishe.

5. Hosi za petroli, kutoka tangi mpaka kabureta. Bei yake ni ya sahani ya ugali na samaki. Ya zamani ina nyufa ndogo usizoziona mpaka uikunje.

6. Hosi za breki. Hapa soma polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe.

Nilifunga mpya za mbele, nikatoa hewa, pedali ikawa ngumu kama jiwe, nikajisifu. Wiki tatu baadaye nilikuwa Kisumu na magunia ya viazi, nakata kona kali kuingia soko la Kibuye. Nikakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini. Handibreki ndiyo iliyoniokoa, mimi na mama mmoja aliyekuwa na beseni la omena. Nilipoinama chini nikaona hosi ya kushoto imechunwa na tairi hadi nyuzi zake zikatokeza. Nilikuwa nimeisokota wakati wa kukaza. Magurudumu yakiwa yamenyooka haikugusa kitu. Usukani ukifika mwisho, ilikuwa inajipinda na kulalia tairi.

Kwa hiyo: kaza kwanza upande wa kalipa (kile chuma kinachobana diski ya breki kwenye gurudumu), na washa ya shaba iwe mpya. Halafu magurudumu yakiwa yamenyooka, kaza upande wa bodi huku umeishika hosi isizunguke. Hosi nyingi zina mstari uliochorwa kwa urefu. Mstari ukizunguka kama nyoka, umesokota, fungua uanze tena. Shusha gari likae kwa uzito wake, mtu azungushe usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, wewe ukiangalia kwa tochi. Usifanye jaribio hili gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia na utadanganyika. Na ile hosi moja ya nyuma, inayoshuka kwenye ekseli, usiiache eti "bado inaonekana nzuri". Hosi ya breki huoza ndani kwanza.

7. Mafuta ya breki. Toa yote, weka mapya kutoka kwenye mkebe ambao haujafunguliwa. Yanavuta unyevu wa hewani, na mafuta yenye maji huchemka ukishuka mteremko wa Sachangwan na mzigo.

MASWALI

Kijana wa Busia: Boss hii yote pesa ngapi? Alafu umesahau timing belt.

Fundi wa Bondeni: Sijasahau. Injini hii ina cheni. Bei uliza dukani.

Kondele Mwenyewe: Makanika wangu alitoa thamostati kitambo na gari halijawahi kuchemka. Hapa Kisumu ni joto, ya nini?

Fundi wa Bondeni: Sikusema litachemka. Nilisema weka mpya. Injini isiyofika joto lake inakunywa petroli, inajisaga, na oili inajaa uchafu. Makanika wako haweki petroli, wewe ndiye unayeweka.

Mama Njoro: Shikamoo fundi. Thamostati nimeelewa. Kofia ya rejeta ina kazi gani zaidi ya kufunika?

Fundi wa Bondeni: Marahaba mama, swali zuri. Kofia ina springi inayoshikilia presha ndani, na maji yenye presha huchelewa kuchemka. Kwetu hilo ni jambo kubwa kwa sababu tuko juu. Kisumu maji ya wazi huchemka kama nyuzi 96, Nakuru kama 94, na ukipanda Timboroa ni kama 91. Yaani pale ambapo injini inafanya kazi zaidi ndipo maji yanachemka mapema zaidi. Springi ikilegea, umebaki na sufuria. Na usiifungue ikiwa moto.

Mwalimu Kakamega: Gurudumu la mbele kulia linashika breki, likipoa linaachia. Nimebadilisha kalipa mara mbili.

Fundi wa Bondeni: Pole mwalimu, kalipa zako huenda zilikuwa nzima. Likishika, inua gurudumu, fungua nipo ya kutolea hewa. Likiachia, kuna presha iliyonaswa. Siku nyingine likishika, legeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye hosi. Likiachia pale, hosi haina kosa, tatizo liko kwa mastasilinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Likiendelea kushika mpaka ufungue nipo, hosi imeziba ndani: mguu wako unasukuma mafuta kwa nguvu yapite, lakini hayana nguvu ya kurudi.

Mwalimu Kakamega: Nimefanya. Ni hosi. Kalipa mbili jamani.

Kijana wa Busia: Mafuta ya breki yakiisha njiani naweza kuongeza oili ya injini kidogo?

Fundi wa Bondeni: Hapana. Mipira yote itavimba, kuanzia mastasilinda mpaka nyuma.

Dereva wa Zamani: Tuliendesha 504 za abiria Nakuru–Kisumu miaka hiyo, watu saba na kuku. Gari lililoshinda Safari Rally 1975 na tena 1978 si mchezo. Niongeze moja: mkiwa mnaangalia mipira, angalieni na tarehe ya tairi. Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata ndefu, yale meno ya tairi, si dawa, tairi huzeeka hata likikaa tu.

Fundi wa Bondeni: Asante mzee. Nimetoka nje sasa hivi kuangalia tairi langu la spea. 1409. Tuendelee na maswali.