SOMO: Maji ya kunywa ukimpeleka mgonjwa India (soma kabla hujaniuliza)

Wakuu, naandika hili mara moja halafu basi, maana kila wiki kuna mtu "naenda na mama Chennai, maji inakuwaje". Nimeenda mara 3 na mzee wangu.

1. Maji ya bomba hunywi. Hata hoteli iwe kali vipi.

2. Mswaki unasukutua na maji ya chupa. Kuoga, funga mdomo.

3. Chupa kagua sili ya kifuniko, na kwenye lebo tafuta alama ya ISI (alama ya ubora ya India) na namba IS 14543 (kiwango chao cha maji ya chupa). Ukimaliza iminye kabisa isije ikaokotwa ikajazwa tena.

4. Mkikaa muda mrefu nunueni jagi la umeme. Yakitokota dakika 1 inatosha, yaache yapoe humohumo, usiharakishe kwa kuongeza ya bomba (kuna ndugu yangu alifanya hivyo, simtaji).

5. BARAFU. Hapa ndo nilipoumbuka. Wiki mbili nzima nimekuwa polisi wa maji, mzee hanywi kitu mpaka nikague, halafu siku moja jua linawaka natoka kununua dawa nikakuta jamaa anakamua miwa barabarani, na limau na tangawizi, nikasema muwa si unakamuliwa mbele ya macho yangu, maji yametoka wapi? Nikanywa glasi mbili. Bonge la barafu alilokuwa analigonga juu ya gunia nililiona kabisa ila akili haikuunganisha. Siku tatu chooni, na mgonjwa mwenye mshono ndo ananikorogea ORS (ile dawa ya unga ya kuharisha). Aibu ile mpaka leo ananitania. Kuganda hakuui vijidudu vyote, vingine vinakusubiri viyeyuke. Kwa hiyo soda unakunywa kwenye chupa yake, lassi (mtindi wa kukoroga) ya barabarani acha, kachumbari acha maana imeoshwa bombani, na panipuri (vile vya kukaanga vinavyojazwa maji ya viungo) ndo kabisa, pani yenyewe ni maji kwa Kihindi.

MASWALI

Mama Junior: Sisi tutafikia hoteli ya nyota 4, bomba lao poa?
— Namba 1. Ni mstari mmoja tu dada.

Chalii wa Sakina: Mnatishana bure, mi nimekaa Delhi mwezi nakunywa bomba na nipo hai
— Hongera kaka. Mimi nilikuwa na mtu ametoka kupasuliwa, sikwenda kujaribu bahati. Na wenyeji tuliopanga kwao walikuwa na mashine ya kuchuja jikoni, usidhani wote wanakinga tu.

Binti Tanga: Samahani kaka, vidonge vya WaterGuard (vya klorini, vya kutibu maji) vya huku nyumbani vinafaa nibebe? Na vinaua kila kitu?
— Swali zuri sana dada angu. Beba, vinasaidia umeme ukikatika. Ila soma pakiti, vingi ni kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, usikitumbukize kwenye chupa ya lita moja na nusu. Ukiweka subiri nusu saa, maji yakiwa na vumbi chuja kwanza na kitambaa safi. Bakteria wengi wanakufa, lakini kuna kidudu kinaitwa kriptosporidiamu klorini haikiwezi, kuchemsha kunakiua. Ndo maana jagi ni namba moja, kidonge ni akiba.

Binti Tanga: Ahsante sana. Na ORS ikiisha usiku?
— Lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta sio mlima. Ukiona damu au homa nenda kwa daktari, si mpo hospitali tayari.

Mzee wa Mizigo: Chupa stesheni wanauza bei gani, nisipigwe
— Angalia MRP kwenye lebo, hiyo ndo bei ya juu na kodi imo, akizidisha muoneshe hapo kwenye lebo. Kwenye treni ulizia Rail Neer, ni ya shirika lao la reli.

Mama Junior: Na barafu ya hotelini je?
— Dada.